Mhariri, huko kwenu kumeamkaje?

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa muda, gazeti nalikuta kwa jirani yangu anayeuza magazeti pale nje ya soko, siku nyingine nanunua, siku nyingine nasoma vichwa vya habari tu nimesimama kisha naenda zangu (asinichukie). Wiki iliyopita nilinunua, na kwenye ukurasa huu huu wa barua nikakuta msomaji mwenzangu kaandika kwamba watu wazima wanamaliza bando kwenye magrupu kuulizana "huko kunanyesha?" na "mmeamkaje?", eti hayo ni maongezi ya watu wasio na kazi, na anayetaka kujua hali ya hewa asubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mara ya kwanza nilicheka. Niliporudia nikaona huyu kama vile kanitaja mimi kwa jina, ngoja nimjibu.

Mi nauza dagaa hapa Morogoro. Mji kasoro bahari, na ziwa pia hatuna, kwa hiyo dagaa wangu wanatoka Mwanza. Mwaka 2018 nilijiunga grupu moja la WhatsApp la wauzaji na wanunuzi, tulikua mia na kitu humo, bei, namba za magari, picha za magunia kutwa nzima. Haikudumu, watu wakaanza kudaiana, wengi wakajitoa, admini mwenyewe akabadili namba akapotea mazima, tukabaki watu 14 ambao nadhani ni uvivu tu hamna aliyekumbuka kubonyeza kujitoa. Basi hao 14 saivi ndo marafiki zangu. Sijawahi kuonana nao isipokua mmoja, na kila asubuhi lazima tuambiane kumeamkaje.

Naanza na faida ya mfukoni maana huyo ndugu anaonekana mtu wa hesabu. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa, zamani zilikua karabai siku hizi ni za sola, taa inawavuta wanajaa juu ndo wanavuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa, maana ziwa zima lina mwanga, kwa hiyo wavuvi wanapumzika wanasubiri giza lirudi. Hilo yeyote mwenye kalenda analijua. Ila wakishafika nchi kavu lazima waanikwe, kwenye mchanga au kwenye chanja, jua likiwa kali wanakauka upesi wanatoka weupe wanang'aa kama wembe, mvua ikiwapiga wanageuka rangi wananuka na bei yao inakua ya chakula cha kuku. Ndo maana mi nikiwa Morogoro naliwaza jua la Mwanza kuliko hili la kwangu. Kuna mama tuko naye humo anaanika Igombe, huko huko Mwanza, tunamwita Mama Igombe tu, akiandika asubuhi "huku mawingu mazito toka alfajiri, nimefunika" mi hela yangu naikalia. Akiandika "jua la kuchoma kisogo" natuma kabla sijanywa chai. Sasa hiyo taarifa ya saa mbili usiku itanisaidia nini, wakati dagaa wameshalowa saa nne asubuhi? Alafu wanavyosema wenyewe mnajua: hali ya mawingu kiasi, mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua. Maeneo machache! Hayo machache ndo ninayoyatafuta mimi. Ni Igombe au ni Sengerema?

Sio kwamba nawasema vibaya watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wale kazi yao naiheshimu na huko mbele nitawataja kwa wema. Ila hata hapa hapa mjini kwetu wingu likikaa Uluguru linaweza kulowesha Bigwa watu wanakinga maji na ndoo, ukipanda bodaboda ukafika Kihonda unakuta vumbi na mtu anafua. Hamna mtabiri atakayekutajia mtaa kwa mtaa. Jirani yako ndo atakutajia, na mimi majirani zangu wametapakaa.

Ngoja niwaeleze walivyo. Kuna kaka wa Makete anayelima viazi, huyo ndo anatuchekesha mwezi wa sita na wa saba, sisi tukisema Moro kuna kibaridi ye anatuma picha ya ndoo iliyolala nje, juu maji yameganda, na mstari mmoja: "rudieni hiyo neno kibaridi". Ila mwaka mmoja alituma picha ya shamba na hakuweka utani wowote, umande uliganda usiku na majani ya viazi yote yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Hatukujua la kumwambia. Mama Igombe akamuuliza mbegu ya kurudishia anayo? Nusu hakuwa nayo, na hayo mengine yaliyofuata sitayaandika gazetini maana wenye kutoa hawapendi kutajwa.

Kuna mjomba yuko Minneapolis huko Marekani, sisi tukiamka saa 12 asubuhi kwake ni saa 3 usiku ya jana yake wakati wa baridi, kwa hiyo salamu zetu za asubuhi ye ndo anazilalia. Januari 2019 ilipopiga ile baridi iliyotangazwa dunia nzima, kwao ikafika digrii 33 chini ya sifuri, akachukua suruali ya jinzi akailowesha akaisimamisha nje kwenye theluji, ikaganda ikasimama yenyewe kama mtu hana kiwiliwili. Ile picha niliwaonesha wanawake wenzangu sokoni hamna aliyeamini, mmoja akasema huyo ndani kaweka fito.

Kuna dada yuko Muscat, kwao Pemba, huyo ndo kinyume chake. Joto la mwezi wa sita kwao linagonga 45 na zaidi, anasema bomba la maji baridi linatoa ya moto. Yeye mvua kwake ni hadithi. Siku moja hapa ilikua inanyesha ile ya masika yenyewe, mi nimejikunyata stoo na magunia yangu nalalamika humo kwamba leo biashara hamna, akaniambia dada naomba nirekodie ilivyo kwenye bati. Nikadhani utani. Nikashika simu juu dakika mbili nzima nikamtumia voisi, bati linapigwa, na kwa mbali muuza mahindi anagombana na mteja. Kesho yake akaniambia kaisikiliza mpaka kalala, na huyo muuza mahindi nimpe salamu. Huyu ndugu aliyeandika kuhusu kumaliza bando atanisaidia kupiga hesabu, dakika mbili za mvua ni MB ngapi?

Na kusema kweli mambo haya hayajaanza na intaneti. Sisi tuliosoma miaka ile tunajua barua inavyoanza: madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kuwa mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ukitoka hapo mstari wa pili unajua wenyewe, huku tumepata mvua nzuri mahindi yamefika kiunoni, au huku jua kali hata mbegu hatujatia chini. Barua ilikua inakaa njiani wiki tatu, ikifika hayo mahindi yameshaliwa na nyani, ila mtu aliisoma mara tano. Marehemu baba yangu alikua mtu wa kadi za salamu za redio, anaandika majina ya watu ambao nusu yao hajawahi kuwaona, wa Tabora, wa Kigoma, wa Newala, na mama anamuuliza hao watu wanakusaidia nini. Hakuwahi kumjibu. Ila jina lake likisomwa redioni siku hiyo chai anapika mwenyewe.

Sasa nije kwenye kimbunga, maana hilo ndo hasa limenifanya nishike kalamu (simu).

Mwaka 2024 ulikua mwaka wa maji. Katikati ya Aprili dada wa Muscat alituandikia kwamba mabonde ya huko, wao wanaita wadi, yameshuka maji kwa ghafla, watu wamekufa wakiwemo watoto wa shule, na yeye yuko ghorofani hatoki. Mwisho wa mwezi ikawa Kenya, Mai Mahiu, maji yakasomba watu usiku. Kabla hatujakaa sawa Mamlaka ya Hali ya Hewa wakatangaza kuna kimbunga kinaitwa Hidaya kinakuja upande wa kwetu. Hapo nawapa heko, walitangaza mapema na walirudia rudia, hata boti za kwenda Zanzibar zilisimamishwa. Sisi humo tuna mzee wa Kilindoni, Mafia, anauza pweza, huyo ndo bingwa wa pepo, kila siku anatuandikia leo kusi, leo kaskazi, kuna siku aliandika "leo matlai" Mama Igombe akauliza matlai ni mboga gani, tukapigwa darasa la upepo wa kutoka mawio ya jua mpaka mchana. Basi mzee Alhamisi anaandika bahari imechafuka. Ijumaa anaandika vyombo tumevivuta juu. Jumamosi tarehe 4 Mei, siku kimbunga kinaingia Mafia, kimya.

Kwenye huo ukimya ndo zikaingia video. Mungu wangu. Simu yangu ilijaa, nyingine kutoka kwa ndugu zangu wa damu kabisa, mawimbi yanapanda kama ghorofa, magari yanaelea, paa zinaruka, zote zimeandikwa MAFIA SASA HIVI kwa herufi kubwa, na ile mishale miwili ya kuonesha imeshafowadiwa na nusu ya dunia. Mmoja wetu akaitupia moja humo ndani. Mi nikalia, nisiseme uongo, nililia pale sokoni nikijua mzee kaenda. Kumbe yule mjomba wa Minneapolis kaitazama kwa utulivu akasema angalieni nyuma ya hilo gari lililozama, bango la duka limeandikwa lugha gani? Herufi zenyewe hata siwezi kuzitaja za wapi. Na magari yanapita upande wa kulia.

Mzee aliibuka baadae, simu kaichaji sijui wapi, akaandika hivi naikumbuka neno kwa neno: "mie mzima. minazi imelala. bati nne za jirani sizioni. hilo gari lenu kwetu halijafika." Yaani tulivyocheka na kulia pamoja. Kuanzia siku hiyo tukaweka sheria moja tu kwenye grupu, ya mlangoni kwako. Andika unachokiona ukifungua mlango wako basi. Mvua ya mtu mwingine usituletee, mwache mwenyewe aseme.

Na sheria hiyo ilitufaa palepale, maana kimbunga kilivyoisha upepo mvua zikabaki kule kusini. Mtoto wa dada yangu alikua asafiri kwenda Mtwara, kashakata tiketi, karani wa basi anamwambia njia safi tunaondoka alfajiri. Tuna mwenzetu yuko Nangurukuru, Kilwa, njia hiyo hiyo ya Mtwara, mtu mkimya anaweza kukaa wiki hajaandika, siku hiyo akaandika gari zimesimama, barabara imekatika huko Somanga, watu wanalala njiani. Nikampigia mtoto nikamwambia shuka. Akabisha, karani kasema, nikamwambia karani yuko Dar, mimi nina mtu Nangurukuru. Akashuka, nauli tuligombana nayo hatukurudishiwa yote, ila hakulala porini siku hizo walizolala wenzie.

Wiki moja baadae, Jumapili tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika na nchi nzima tukawa kama tumezimiwa taa. Wengine walilia na biashara, wengine na mpira. Mi nilishika simu asubuhi naona kile kiduara kinazunguka tu, nikajisikia kama mtu kahama mtaa. Baadae ikaingia meseji ya kawaida, ile ya zamani kabisa, kutoka Igombe: "Jua lipo. Wamekauka." Nikamjibu Moro mawingu. Tukaendelea hivyo hivyo kwa meseji hadi mtandao ulipokaa sawa, na hapo ndo nikagundua kumbe namba zao zote ninazo kichwani.

Kuna jingine dogo, la kucheka. Mwaka juzi mwezi wa saba mmoja wetu alimwingiza mtu mpya humo, kakutana naye Facebook, kijana mwenye adabu, shikamoo zote anazijua. Siku ya nne akaandika kwa huzuni, yuko Dodoma, mvua imenyesha usiku kucha, maji yameingia ndani, godoro limeelea, naombeni hata elfu 20 mtume kwenye namba hii jina litatokea la mke wangu. Yule kaka wa Makete akajibu: "Dodoma mwezi wa saba? Hiyo mvua umesafiri nayo kwenye begi gani?" Maana Dodoma kila mtu humo anajua, mvua ikikata huko mwezi wa nne unaisikia tena karibu na Krismasi. Kijana akajitoa mwenyewe, hakuaga. Sasa sijui huyo mwandishi wa barua yeye angetuma elfu 20 au angesubiri taarifa ya habari.

Nikubaliane naye sehemu moja ili asione nambishia kila kitu. Zile picha za maua zimeandikwa asubuhi njema zinang'aa ng'aa, kikombe cha chai kinatoa moshi, mtoto wa kizungu kashika njiwa, hizo kweli ni bando linaungua, na mtu anakutumia hiyo picha miaka minne hujui hata kama yuko hai au simu kaiachia mtoto. Na wale wa tuma hii kwa watu 10 utapata baraka. Hao nipo naye pamoja, awaandikie hata kila wiki. Lakini mtu aliyeandika kwa kidole chake "huku ukungu, ng'ombe siwaoni" huyo kafungua mlango kwanza ndo akaandika. Siku kaka wa Makete alipofiwa na mama yake aliandika tu "leo sijatoka nje", na ndani ya nusu saa alikua kashapigiwa simu na watu tisa.

Niliwaambia nimeonana na mmoja, ni huyo huyo. Basi lake la kwenda Dar lilisimama stendi ya Msamvu hapa Morogoro, dakika kama kumi na tano, nikaenda na mfuko wa dagaa, ye kashuka na kiroba cha viazi. Tukaangaliana. Akasema, "Dada, kumbe we ndo Moro? Mi nilidhani mnene." Nikamwambia na mimi nilidhani mrefu. Kisha wote tukaangalia juu tukaanza kuongea kuhusu mawingu, miaka yote hiyo hatukuwa na kitu kingine cha kuanzia. Kondakta akapiga kelele akapanda.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Ule ukurasa wenu wa hali ya hewa una jotoridi la miji mikubwa tu, Dar, Arusha, Mwanza, Dodoma, na hata hiyo Mwanza ni ya kwenye kiwanja cha ndege. Mngetenga kakipande hata cha vidole vinne, wasomaji watume kwa meseji mstari mmoja mmoja kutoka Ludewa, Ukerewe, Mkinga, Mafia, mtu aandike tu mlangoni kwake kukoje. Mtaona watu watakavyonunua gazeti kutafuta mstari wao. Mi wa kwanza.

Najua barua imekua ndefu na nafasi hamna. Kama ni lazima mkate kateni ya huku mwanzoni, hata habari za dagaa toeni, ila ya Makete iacheni, nimeshamwambia anunue gazeti, na kwao linafika kesho yake gari lisipokwama.

Ni mimi muuza dagaa,
Morogoro. (Leo mawingu, Uluguru haionekani toka asubuhi. Jina langu msichapishe, wanaonidai nao wanasoma.)